Kaya mbili, semina moja: kwa nini moja imeacha kufyeka msitu na nyingine inaendelea?

*Swali:*

*Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji, wilaya ya Ruangwa. Msitu wetu wa hifadhi wa kijiji tuliutenga miaka sita iliyopita. Mipaka imepigwa rangi, sheria ndogo zipo, semina tumepewa nne. Lakini kila ikifika Septemba tunaona moshi upande wa msituni. Kinachonisumbua ni hiki: kuna kaya mbili zimepakana. Zote zinalima ufuta, zote zina watoto wanne, wote walikaa kwenye semina zile zile na wakala wali ule ule. Moja haijagusa msitu tangu tupake rangi. Nyingine kila mwaka inasogea ndani, mwaka huu eka moja, mwaka kesho eka mbili. Mwenyekiti anasema ni ukaidi, dawa yake faini. Watu wa mradi walisema ni ukosefu wa elimu. Vijana wanasema tusubiri pesa za kaboni. Nikwambie ukweli, kaya inayofyeka ni ya baba yangu mdogo, na mimi ndiye ninayeandika majina ya wakosaji. Nianzie wapi?*

*Jibu:*

Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye huo wali. Umeona jambo ambalo ripoti nyingi hulipita: watu wawili wamesikia maneno yale yale, wamekula sahani moja, wamerudi nyumbani na kufanya mambo mawili tofauti. Kama shida ingekuwa elimu, wangefanana. Kama ingekuwa ukaidi, ungeuona pia kwenye michango ya shule, kwenye misiba, kwenye kuchimba kisima. Baba yako mdogo unamjua wewe kuliko mwenyekiti. Ni mkaidi huko kote? Nadhani hapana, ndiyo maana umeandika.

Kwa hiyo unaniuliza mawili. Kwanza, ni nini hasa kinachoifanya kaya ya mkulima iache msitu ulivyo. Pili, wewe mwenye kalamu ya majina na ndugu wa damu upande wa pili uanzie wapi. La kwanza nitalijibu kwa kirefu, maana la pili limo ndani yake.

Tuondoe magogo barabarani kabla ya kupita. Elimu: katika miaka yangu ya kutembea vijiji vya Lindi na Mtwara sijakutana na mkulima asiyejua kwamba msitu ukiisha na maji yanapungua. Mzee yeyote atakutajia kijito alichokuwa anaoga utotoni kiangazi chote, na leo ni mchanga mtupu. Anajua kuliko mimi niliyesoma kwenye kitabu. Mkaa: upo, na kandokando ya barabara kuu unauma kweli, lakini nchi yetu inapoteza misitu hekta zipatazo 469,000 kwa mwaka kwa takwimu ambazo serikali huzitaja, na jembe linakula sehemu kubwa kuliko tanuru. Umaskini nao: watu husema maskini ndiye anayekata miti. Nusu kweli. Mjane asiye na kijana wa kushika shoka hawezi kufyeka hata robo eka ya msitu. Mwaka bei ya ufuta inapopanda, anayesogea ndani kwa kasi ni yule mwenye pesa ya kulipa vibarua. Ukiongeza kipato bila kubadilisha kitu kingine, unaweza kuwa umeongeza mashoka.

Sasa njoo shambani. Ufuta una mbegu ndogo, kilo mbili hivi zinatosha eka nzima. Mbegu ndogo maana yake akiba ndogo ya chakula ndani yake, kwa hiyo mche unaota mwembamba na wiki tatu nne za mwanzo unakua polepole sana. Ndago na nyasi hazina subira hiyo. Zikiota pamoja, ufuta umeshindwa kabla hujafunga ukanda wa suruali. Kwenye ardhi iliyotoka kufyekwa na kuchomwa mambo ni tofauti kabisa: chini ya kivuli cha miti hapakuwa na mbegu nyingi za nyasi, na zilizokuwepo juu juu zimekufa kwa moto. Majivu yameacha potashi, chokaa na fosforasi kidogo. Naitrojeni nyingi imeondoka na moshi, lakini mwaka wa kwanza mkulima haoni hilo. Anachoona ni shamba safi, ufuta umesimama peke yake kama umepangwa.

Mwaka wa pili nyasi zinaingia. Mwaka wa tatu zimehamia. Wataalamu tukifika tunasema "rutuba imekwisha", na ni kweli kwa kiasi, hasa udongo wetu wa kichanga ambao mvua huusafisha haraka. Lakini muulize mkulima mwenyewe. Hatasema rutuba. Atasema magugu.

Niliwahi kukaribishwa Nachingwea na mama mmoja mwenye shamba la mwaka wa tatu, mwezi Machi mwanzoni. Ufuta alikuwa ameumwaga, hakupanda kwa mistari. Akanipa jembe, akaniambia, "Haya baba, tusaidiane." Nilianza saa moja. Huwezi kupiga jembe ovyo, maana mche wa ufuta na mche wa gugu vimekumbatiana. Unainama, unashika kwa vidole, unang'oa, ndago inakatikia juu na kiazi chake kinabaki chini kikikucheka. Kufika saa nne nilikuwa nimemaliza kipande cha ukubwa wa chumba cha darasa, na mgongo umekataa. Mama yule alikuwa na eka mbili na nusu, mtoto mgongoni, na hakuna kibarua hata mmoja wa kumkodi kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kinapalilia siku hiyo hiyo. Akanionyesha kwa kidevu upande wa msitu: "Kule mwakani hakuna palizi." Hakusema kule kuna rutuba.

Hapo ndipo penye jibu lako. Kaya inayofyeka msitu Septemba inahamisha palizi ya Machi kuipeleka kiangazi. Tazama kalenda ya kwenu. Agosti hadi Oktoba ufuta umeshauzwa mnadani, pesa kidogo ipo, vijana wapo nyumbani, jua linakausha matawi bure. Kazi ya shoka ni ngumu, lakini mikono ipo. Februari na Machi pesa imekwisha, ghala la mahindi linaonyesha sakafu, mvua inanyesha, na palizi zote, za mahindi, mihogo na ufuta, zinadai siku moja. Aliyefyeka msitu amejinunulia nafuu ya mwezi mgumu kwa kutumia mwezi mwepesi. Mimi nikiwa kwenye nafasi yake ningefikiria hivyo hivyo. Simtetei, msitu unaisha kweli. Nasema tu kwamba semina haijibu hesabu hiyo, na faini huongeza gharama bila kuondoa sababu.

Basi kwa nini jirani yake ameacha? Mimi sijafika kwenu, kwa hiyo nitakisia, na wewe utakwenda kuhakiki. Nakisia ana mikorosho, tena inayozaa. Mwenye mikorosho hana kiangazi. Juni hadi Agosti anapulizia salfa kupambana na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, anapalilia chini ya miti ili korosho zionekane, na kuanzia Oktoba anaokota. Hana Septemba ya kupeleka msituni. Pesa yake ya korosho mara nyingi inaingia mwishoni mwa mwaka au mwanzoni mwa mwaka mpya, kwa hiyo Februari ana angalau cha kumlipa kibarua. Uzuri au ubaya wa moyo haujaingia hapo. Kazi zake zimepangwa tofauti.

Ila usikimbilie kuandika "kila kaya ipande mikorosho". Mikorosho yenyewe hukalia ardhi. Panda Newala na Tandahimba uone uwanda wa Wamakonde: vichaka vya asili vilivyokuwa vinafunika kule juu vimebaki vipande, mahali pake pamesimama mikorosho mpaka macho yanapochoka. Na kwa mila zetu, kupanda mti ni kutia sahihi ardhini. Mkorosho mmoja ukizaa, shamba lina mwenyewe. Ndiyo maana mtu aliyeazimwa shamba haruhusiwi kupanda mti wa kudumu: mwenye ardhi anajua kitakachofuata. Hili linanileta kwenye kitu cha pili cha kuchunguza kwa baba yako mdogo: analima ardhi ya nani?

Huku kwetu Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua wamehesabu ukoo upande wa mama tangu zamani. Mambo yamechanganyika siku hizi, wapo wanaorithisha watoto wa kiume, dini na shule zimeingia, lakini bado utamkuta mwanamume aliyeoa akaenda kuishi kwa wakwe, analima shamba la ukoo wa mkewe. Anaweza kulima ufuta hapo miaka kumi, lakini si lake la kupanda mti wala kumwachia mpwa wake. Akitaka ardhi isiyo na mjomba wa kumhoji, anaipata wapi? Msituni. Aliyefyeka ndiye mwenye shamba, hiyo ndiyo sheria ya zamani kuliko Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Na ukianza kuzungumza habari za kupima mipaka mapema bila kumaliza, watu watakimbilia kufyeka ili wapimwe wakiwa ndani. Nimeona hilo zaidi ya mara moja: mwaka wa kupanga matumizi bora ya ardhi ndio uliokuwa na moshi mwingi kuliko yote.

Kaya yenye uhakika wa ardhi yake, iwe kwa hati ya hakimiliki ya kimila au kwa neno la ukoo linaloheshimiwa, ina sababu ya kuwekeza jasho kwenye shamba la zamani. Kaya yenye shamba la kuazima haina. Unaweza kuifundisha mboji na matuta mpaka ukauke koo.

Kuna jambo la tatu ambalo watu wa mjini hulisahau: wanyama. Anayelima ukingoni mwa msitu halali. Nyani mchana, nguruwe usiku, na vijiji vya Liwale, Nachingwea na hata huko kwenu tembo wanapita. Mkulima aliyeliwa mahindi mara mbili anauona msitu kama zizi la adui, na kuufyeka ni kumsogeza adui mbali na mlango. Kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa aliyeharibiwa mazao na wanyamapori, kipo kisheria, lakini kinachelewa na hakifidii gunia zima. Kama shamba la baba yako mdogo liko ukingoni na la jirani yake liko mita mia tatu nyuma, basi hawa si kaya mbili zinazofanana hata kama zote zina watoto wanne. Mmoja amekuwa ukuta wa mwenzake bila malipo.

Na mwisho, nani nyumbani anaamua? Semina huwa zinajaa wanaume. Lakini anayejua msitu kwa ndani mara nyingi ni mwanamke: kuni, mboga za pori, uyoga, na ming'oko, vile viazi vya porini. Mimi ming'oko ndiyo udhaifu wangu, nikishuka Masasi siwezi kupita stendi bila kununua fungu. Imechimbwa vichakani na mikono ya akina mama wakati wa kiangazi, na pesa yake ni ya mama mwenyewe, haipiti mkononi mwa mtu. Moto ukipita mara kwa mara na jembe likafuata, ming'oko haipo. Katika kaya ambako mama anapata shilingi zake msituni na sauti yake inasikika jioni, mume hafyeki kirahisi. Hili sikulisoma popote, nimelihesabu kwa kusikiliza. Muulize mama yako mdogo anapochimba, na kama bado anachimba.

Umeona sikutaja umri, kiwango cha shule, wala ukubwa wa familia. Watafiti huviuliza kila mara, na majibu yake hugeuka kila wanapohama kijiji: kaya kubwa huku inafyeka zaidi kwa kuwa ina vinywa vingi, kule inafyeka kidogo kwa kuwa ina mikono ya palizi. Usipoteze daftari lako huko.

Tuje kwenye yale wanayokushauri. Faini kwanza, maana mwenyekiti anaipenda. Faini inafanya kazi kwa mtu wa aina moja: mwenye pesa na mwenye njia nyingine. Kwa mfanyabiashara aliyetoka mjini kuja kufyeka eka ishirini kwa vibarua, tozeni bila huruma. Kwa mtu wa eka moja ya mwaka wa tatu iliyojaa ndago, faini itamfanya auze ufuta kabla ya mnada kwa bei ya hasara, na mwakani afyeke zaidi kufidia. Tena kuna swali ambalo wanakijiji wanaliuliza chinichini: faini inakwenda wapi? Kama inaishia kwenye posho ya doria, kamati itaonekana inawinda watu ili ipate kula. Isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kiasi kilichoingia na kilichotoka, mbele ya waliotozwa.

Imani hapa si jambo dogo. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, malori ya magogo yalivuka Rufiji usiku na mchana, mninga, mkongo, mpingo, na vijiji vilivyokuwa na hiyo miti vilibaki na visiki. Watu wenye umri wa baba yako mdogo waliona kwa macho. Ukimwambia "msitu ni wetu sote" anacheka kimoyomoyo. Lakini pia yapo mazuri ya kumwonyesha. Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, mwaka 2009 kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe, chini ya MCDI, shirika la uhifadhi wa mpingo, na vijiji vingine vikafuata, vikauza mbao kwa mpango na mapato yakaingia kijijini. Sheria ya Misitu ya 2002 ndiyo iliyofungua mlango huo. Mkiweza kufika huko mtembelee, msiende viongozi watupu. Mchukueni mmoja wa wanaofyeka. Akirudi, maneno yake yatasikilizwa kuliko ya kwangu.

Kaboni sasa, yaani kulipwa kwa kutunza miti inayohifadhi hewa ya ukaa. Sitawakatisha vijana tamaa. Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi kuna vijiji vinavyopokea pesa nyingi kwa kutunza misitu, na tangu mwaka 2022 nchi ina kanuni za biashara hiyo. Hata kwetu Lindi, kuanzia 2009, mradi wa MKUHUMI, wa kupunguza hewa ya ukaa inayotokana na ukataji misitu, ulioendeshwa na shirika la TFCG na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazotunza misitu, ulijaribu kuwalipa wanakijiji mmoja mmoja, badala ya pesa yote kuishia kwenye akaunti ya kijiji, na hilo la mtu kushika noti mkononi lilikuwa somo zuri. Lakini elewa utaratibu: kaboni hulipwa baada ya kupima kwamba msitu umebaki. Miaka inapita kabla ya shilingi ya kwanza. Nayo bei inapangwa na watu walio mbali sana na Ruangwa. Msitu unaofyekwa Septemba hii hauwezi kusubiri, na ukishapungua hata cha kuuza hakipo.

Kinachoweza kuanza msimu huu ni kuifanya palizi ya Machi iwe nyepesi. Mistari ni jambo la kwanza. Ufuta ukipandwa kwa mstari, nusu mita kutoka mstari hadi mstari, jembe linapita katikati na mkono unabaki kwa miche tu. Palizi ya kwanza ifanyike wiki ya pili au ya tatu, gugu likiwa na majani mawili, si likiwa na maua. Hapo afisa ugani wenu na watu wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, ndio wenye neno la mwisho kuhusu mbegu na nafasi, wanaijua ardhi yetu ya kichanga vizuri.

Kilimo cha kupokezana ufuta na mbaazi nakipenda sana: mbaazi inafunika udongo, mizizi inakwenda chini, inarudisha naitrojeni, na majani yanayoanguka yanazuia nyasi. Shamba la mbaazi likipumzika vizuri, ufuta unaofuata una magugu machache. Ila ukilisema kwenye mkutano jiandae. Watu wanakumbuka mwaka 2017 India ilipozuia kuingiza mbaazi, bei ikaanguka mpaka watu wakaacha mzigo shambani. Sema hivyo kabla hawajakusemea. Mbaazi ilimwe kwa ajili ya chungu na udongo, pesa ikija ni ziada.

Dawa ya kuua magugu nayo itatajwa. Ikipigwa kabla ya kupanda huokoa siku nyingi, sitaficha. Lakini ufuta ni mwepesi kuungua, ndoo hizo hizo zinarudi kuchotea maji ya kunywa, na chupa zisizo na lebo zimezagaa madukani. Kama kaya ina mtu wa kupulizia aliyefundishwa, na nguo za kujikinga zipo, sawa. Bila hivyo ningebaki na jembe.

Halafu pesa ya Februari. Hapa ndipo mimi ningeweka nguvu zangu zote. Vikundi vyenu vya kuweka na kukopa vinavunja lini, yaani mnagawana akiba mwezi gani? Karibu kila nilipouliza wanavunja Desemba, pesa inaishia kwenye sikukuu na sare za shule. Mkivunja Desemba, Februari mfuko ni mtupu, nani atakopa? Jaribuni kikundi kimoja tu kivunje mwezi Julai baada ya mnada wa ufuta, ili Februari na Machi mfuko uwe umejaa na mikopo ya palizi itoke, midogo, ya kulipwa Julai. Mwanachama akiwa na mkopo wa palizi hana haja ya kuuza ufuta mchanga kwa kangomba, mlanguzi anayenunua kwa bei ya chini. Na rudisheni kazi ya ujima, watu watano wanapalilia kwa fulani leo, kesho kwa mwingine. Bibi zetu walifanya hivyo na pombe au uji ndio uliokuwa malipo.

Kwa walio ukingoni, kamati itoe kitu: zamu za kulinda zigawanywe kwa mashamba yote ya upande huo, asiachiwe wa mwisho peke yake. Hilo halihitaji mradi.

Sasa baba yako mdogo. Jambo la kwanza, toa kalamu. Mwambie mwenyekiti mbele ya kamati kwamba kesi ya nyumba hiyo haitaandikwa na wewe, aandike mwingine. Ukimsamehe watasema undugu, ukimtoza watasema umejionyesha. Kisha mwendee, lakini si Septemba na si na daftari. Usimuulize kwa nini anakata miti. Hilo swali lina hukumu ndani yake na atakujibu unavyotaka kusikia. Muulize shamba la mwaka juzi limekuwaje, nani alipalilia, alilipa kiasi gani, ardhi ile ni ya upande gani wa ukoo, na nguruwe wamekula nini. Fanya hivyo kwa kaya kumi, zinazofyeka na zisizofyeka. Ukimaliza utakuwa na picha ya kijiji chako ambayo hakuna mgeni anayeweza kukuletea.

Kuna mambo ambayo usiyabebe mwenyewe. Ukiona watu wageni wana misumeno ya mnyororo na lori usiku, msiwakabili. Andikeni namba ya gari mkiwa mbali, mpigie afisa misitu wa wilaya au TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, na mgambo wasiende bila polisi. Ukigundua kwamba shamba la kuazima limekuwa ugomvi wa ukoo, peleka baraza la ardhi la kijiji mapema, na kama mipaka ya msitu yenyewe inabishaniwa na kijiji jirani, mwite afisa ardhi wa halmashauri aje na ramani. Na siku yeyote atakapokuja na karatasi za kaboni za kusainiwa, miaka thelathini au arobaini, hakuna kusaini kijijini siku hiyo. Karatasi ipelekwe kwa mwanasheria wa halmashauri, ipitiwe, na irudi mkutano mkuu ikiwa kwa Kiswahili. Tembo wakianza kulala mashambani, hiyo ni kazi ya idara ya wanyamapori, si ya ngoma na makopo.

Ufuta wenu mtaumwaga au kuupanda mwishoni mwa Januari kama mvua ikikaa vizuri. Hesabu wiki tatu kutoka hapo, chukua jembe, nenda kwa baba yako mdogo asubuhi kabla jua halijapanda. Ingia mstari wa kwanza bila kuzungumzia msitu. Mkifika kivulini kunywa maji, ataulizia mwenyewe mambo ya kamati.